Samaki wa Tanganyika na ramani ya ubongo wake

Kwenye maji ya kina kifupi kando ya Ziwa Tanganyika na mahali mito inapoingilia ziwani, anaishi samaki mdogo wa jamii ya sato na perege. Wataalamu humwita Astatotilapia burtoni. Dume mwenye himaya yake hung'aa kwa buluu au manjano, ana mstari mweusi usoni, na hamfumbii macho mpinzani. Madume wasio na himaya hupauka wakafanana na majike, wala hawazai. Lakini mwondoe mbabe, uone: dakika chache tu, mnyonge mmoja amekwisha kuvaa rangi na kuanza kufukuza wenzake.

Russell Fernald wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, alitumia miongo kadhaa kutafuta kinachobadilika kichwani mwa dume huyo. Ukiusaga ubongo mzima ukaupima, utagundua kwamba homoni ya uzazi iitwayo GnRH imo, basi. Hutajua inatengenezwa wapi, na hapo ndipo penye siri yote.

Kwa hiyo ubongo hugandishwa, ukakatwa vipande vyembamba kuliko unywele na kulazwa juu ya kioo. Kila kipande humwagiwa kingamwili inayonasa molekuli inayotafutwa, kisha dawa ya kuleta rangi. Chini ya hadubini, katikati ya tishu iliyofifia, hujitokeza seli chache zilizokolea, hata nyuzi zake zikaonekana zinakoelekea. Mimi naiona ni miongoni mwa kazi nzuri kabisa za sayansi.

Ila kingamwili huweza kunasa kisichokusudiwa. Samaki huyu ana GnRH za aina tatu, kila moja mnyororo wa amino asidi 10, zinazokaribiana mno. Ndiyo maana watafiti hutafuta pia RNA ya kila jeni, iliyo na tofauti za wazi zaidi. Mwaka 1995 kundi la Fernald lilionyesha kwamba kila aina ina makao yake: moja mbele kabisa ya ubongo, nyingine katika ubongo wa kati, na ya tatu kwenye eneo la chini linalotuma ujumbe kwa tezi ya pituitari. Hii ya tatu ndiyo inayoamrisha uzazi, na ni seli zake zinazonenepa dume anapotawala. Akinyang'anywa himaya, hunywea tena.

Bila ramani hiyo, utafiti uliochapishwa mwaka 2005 na Sabrina Burmeister, Erich Jarvis na Fernald usingekuwa na pa kuanzia. Walijua pa kutazama, wakakuta jeni iitwayo egr-1 imeamka katika eneo lilelile la GnRH ya tatu muda mfupi baada ya mnyonge kupata nafasi. Seli hazijanenepa bado, korodani hazijakua, lakini ubongo umekwisha kupokea habari kwamba mbabe hayupo.