Gari moshi la Kisumu linapochelewa: Abiria anastahili nini?

WASAFIRI wengi wanaochagua gari moshi kati ya Nairobi na Kisumu hawafanyi hivyo kwa sababu ya kasi. Basi huwahi kufika. Wanachotafuta ni nauli nafuu, nafasi ya mizigo na usiku mmoja wa safari bila hofu ya ajali za barabarani.

Hata hivyo, kuna jambo moja ambalo kila mwenye tiketi hulitegemea: kwamba atafika saa aliyoambiwa, au akichelewa, kuna atakayemweleza kwa nini.

Huduma hiyo iliporejeshwa Desemba 2021, baada ya ukarabati wa njia ya kilomita 217 kati ya Nakuru na Kisumu, gari moshi lilipangiwa kuondoka Nairobi kila Ijumaa saa kumi na mbili na nusu jioni na kufika Kisumu Jumamosi asubuhi. Lilirudi Jumapili jioni na kufika Nairobi Jumatatu asubuhi. Nauli ilikuwa Sh600 katika daraja la kawaida na Sh2,000 katika daraja la kwanza.

Ratiba ya namna hiyo iliafiki maisha ya watu wa ufuo wa Ziwa Victoria. Katika kaunti za Kisumu, Siaya, Homa Bay na Migori, mazishi mengi hufanyika Jumamosi. Aliye Nairobi huweza kutoka kazini Ijumaa, alale njiani, ashuke Kisumu alfajiri na kupanda matatu ya kwenda Bondo, Ugunja au Oyugis akiwa na muda wa kumzika mpendwa wake.

Lakini gari moshi likikwama kwa saa sita milimani, mazishi hayamngoji. Anapofika nyumbani, kaburi limekwisha kufunikwa na waombolezaji wameanza kutawanyika.

Safari ya kurudi nayo ina gharama yake. Kibarua wa viwandani anayetarajiwa langoni Jumatatu saa moja na nusu asubuhi, akifika saa sita mchana, hupoteza ujira wa siku nzima. Shilingi chache alizookoa katika nauli huwa zimekwisha kabla hajateremka.

Ndiyo maana suala la kuchelewa kwa magari moshi si la usumbufu tu. Ni suala la nani anayebeba hasara: mwenye reli au mwenye tiketi.

Kwa nini hukawia

Reli ilifika Kisumu, wakati huo ikiitwa Port Florence, mnamo Desemba 20, 1901. Ujenzi wake ulikuwa umeanza Mombasa mwaka 1896. Jina hilo lilitokana na Florence Preston, mkewe Ronald Preston aliyesimamia utandikaji wa reli.

Lengo lilikuwa ziwa. Meli ya William Mackinnon, iliyoletwa vipande vipande na kuunganishwa ufuoni, ilikuwa imekwisha kushushwa majini mwaka 1900 ili kubeba watu na shehena kuelekea Uganda. Kwa miaka mingi Kisumu ilikuwa mahali ambapo reli na meli zilikutana, na msafiri aliyechelewa upande mmoja aliharibikiwa upande wa pili.

Mambo yalibadilika katika miaka ya 1920 na 1930. Njia kuu ilipitishwa Eldoret na kuingia Uganda, ikafika Kampala mwaka 1931. Tangu hapo njia ya kutoka Nakuru hadi Kisumu imekuwa tawi, na kwa kawaida njia ya tawi haitunzwi kama njia kuu.

Tawi hilo lina matatizo yake ya kimaumbile. Kutoka Nakuru reli hupanda hadi Mau Summit, zaidi ya mita 2,500 juu ya usawa wa bahari, kisha huteremka kupitia Londiani, Kipkelion na Fort Ternan hadi Muhoroni na uwanda wa Kano. Kisumu yenyewe iko takriban mita 1,130 tu. Wajenzi wa awali walilazimika kuvusha mabonde kwa madaraja 27 ya chuma yaliyotengenezwa na kampuni ya American Bridge ya Marekani.

Katika kona na miteremko kama hiyo, dereva hana ruhusa ya kwenda mbio. Injini ikipungukiwa na nguvu mlimani, hakuna njia ya kuikwepa.

Tatizo la pili ni kwamba njia ni moja. Magari mawili yanayotoka pande tofauti hupishana katika stesheni zenye reli ya pembeni pekee. Gari la mizigo likiharibika kati ya stesheni mbili, la abiria husubiri nyuma yake, na lile linalotoka upande wa pili husubiri pia. Hivyo saa moja iliyopotea Molo huweza kuwa saa tatu kufikia Kibos.

Tatu ni mvua. Katika miteremko ya Mau udongo huporomoka, na katika uwanda wa Kano maji ya mito hufurika na kula kokoto zinazoshikilia mataruma. Mafuriko ya Aprili na Mei 2024 yalivuruga usafiri katika sehemu nyingi za nchi, na jijini Nairobi magari moshi ya abiria wa kila siku yalisimamishwa kwa muda.

Nne ni mikono ya watu. Reli na misumari yake imekuwa ikiibwa na kuuzwa kama vyuma chakavu. Na siasa zinapochafuka, reli huwa shabaha. Januari 2008, wakati wa ghasia zilizofuata uchaguzi, vijana waling'oa reli mtaani Kibera na kukata njia inayoelekea magharibi mwa nchi na Uganda.

Kukawia kwa usalama

Haifai kulaumu kila kuchelewa. Kuna wakati ambapo kusimama ndiyo huduma bora zaidi anayoweza kupewa abiria.

Mnamo Januari 30, 1993, gari moshi la abiria kati ya Nairobi na Mombasa lilitumbukia mtoni Ngai Ndethya baada ya mafuriko kuharibu daraja. Zaidi ya watu 100 walifariki. Gari hilo lingesimamishwa hadi daraja likaguliwe, abiria wangenung'unika usiku kucha, nao wangefika.

Wahenga walisema kawia ufike. Mhandisi anayelizuia gari Fort Ternan ili mkaguzi atangulie kutazama daraja anafuata hekima hiyo.

Hata hivyo, sababu ya kuchelewa ni jambo moja, na jinsi abiria anavyotunzwa wakati wa kuchelewa ni jambo jingine. Mvua huweza kumwondolea mwenye reli lawama ya kusimama. Haiwezi kumwondolea lawama ya kunyamaza.

Hali ndani ya behewa

Msafiri wa matatu ana kinga ambayo haikuandikwa popote. Gari likiharibika karibu na Londiani, makanga husimamisha jingine, hulipa nauli iliyobaki, na abiria huhamishwa. Akikataa, abiria hupiga kelele hadi fedha zirudishwe.

Abiria wa gari moshi hana nafasi hiyo. Hakuna gari jingine linalopita, na mahali lilipokwama huenda hapana barabara wala duka. Usiku, hata kuteremka ni hatari, kwa sababu behewa huweza kuwa juu ya tuta refu au karibu na daraja.

Baridi ya Mau nayo haina huruma kwa mtu aliyevaa kwa ajili ya joto la Kisumu. Maji ya kunywa huisha, vyoo hukauka, na simu huzimika chaji wakati ambapo jamaa wanaosubiri stesheni wanahitaji kujua kilichotokea. Wanaoumia zaidi ni akina mama wenye watoto wachanga, wazee, na wagonjwa wanaosafiri kwenda au kutoka hospitali za rufaa.

Katika hali hiyo, jambo la kwanza ambalo abiria huuliza si chakula wala fedha. Huuliza: tutaondoka saa ngapi? Jibu la kweli, hata likiwa "hatujui, tutawaambia tena baada ya saa moja", humwezesha mtu kuamua kama atapiga simu nyumbani, atagawa chakula kilichobaki au atalala.

Sheria inasemaje

Abiria wengi hudhani kwamba kwa kuwa reli ni mali ya umma, hakuna pa kulalamikia. Katiba ya Kenya ya 2010 inasema vingine.

Kifungu cha 46 kinampa mtumiaji wa huduma haki ya kupata huduma ya ubora unaofaa, kupewa habari anazohitaji ili anufaike nayo, kulindwa afya, usalama na maslahi yake ya kiuchumi, na kufidiwa hasara inayotokana na kasoro ya huduma. Kifungu hicho kinataja wazi kwamba haki hizo zinahusu huduma za mashirika ya umma sawa na za watu binafsi.

Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 ilitungwa ili kutekeleza kifungu hicho. Aidha, Tume ya Haki ya Utawala, iliyoundwa mwaka 2011, hupokea malalamishi ya wananchi dhidi ya ofisi na mashirika ya umma. Kwa madai madogo ya fedha, kuna Mahakama ya Madai Madogo chini ya sheria ya 2016, ambayo inatakiwa kuamua kesi katika muda wa siku 60.

Ugumu uko kwingine. Haki iliyo katika Katiba ni ya jumla. Haisemi ni baada ya saa ngapi abiria apewe chai, wala ni sehemu gani ya nauli irudishwe. Pasipo kiwango kilichoandikwa, kila kisa huanza upya na abiria wa Sh600 huona kwamba kudai ni ghali kuliko kusamehe.

Kwingineko duniani

Katika nchi za Umoja wa Ulaya, sheria ya mwaka 2007, iliyofanyiwa mabadiliko na kuanza kutumika upya Juni 2023, imeweka viwango. Abiria aliyecheleweshwa kwa saa moja hadi chini ya saa mbili anadai robo ya nauli. Zikitimia saa mbili, anadai nusu. Kuchelewa kukizidi saa moja, apewe chakula na vinywaji kadiri inavyowezekana.

Kilicho muhimu zaidi ni tofauti ambayo sheria hiyo inaiweka. Msiba wa kimaumbile, kwa mfano mafuriko makubwa, huweza kuiondolea kampuni wajibu wa kulipa fidia. Hauiondolei wajibu wa kuwatunza abiria waliokwama.

India, ambayo reli zake zina historia inayofanana na ya Afrika Mashariki, humrudishia abiria nauli yote ikiwa gari limechelewa zaidi ya saa tatu katika stesheni anakopandia naye akaamua kutosafiri. Nchini Japani, kampuni za reli hutoa cheti kinachothibitisha kwamba gari lilichelewa, ili mfanyakazi amwonyeshe mwajiri wake.

Karibu zaidi, Tanzania ina Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, LATRA, iliyoanza kazi mwaka 2019 na inayosimamia reli pamoja na mabasi. Kando yake kuna baraza la ushauri la watumiaji wa huduma hizo, ambalo kazi yake ni kuwasemea abiria.

Mengi ya haya hayahitaji mabilioni. Cheti cha kuchelewa ni karatasi na muhuri. Kwa kibarua wa Jumatatu asubuhi, karatasi hiyo huweza kuokoa kazi. Ujumbe mfupi wa simu kwa kila aliyenunua tiketi hugharimu kidogo mno, na nambari za wasafiri tayari hutolewa wakati wa kununua tiketi kwa simu. Mitungi ya maji na mablanketi machache katika stesheni za milimani ni matayarisho ya kawaida kwa njia ambayo kila mtu anajua kwamba hukwama.

Afanye nini abiria

Kwa sasa, kinga kubwa ya msafiri ni kumbukumbu zake. Tiketi isitupwe baada ya kushuka, na ujumbe wa malipo usifutwe. Saa ya kuondoka, mahali gari liliposimama na saa ya kufika ziandikwe. Maelezo yoyote ya wahudumu yaandikwe pia.

Malalamishi yaanzie kwa mkuu wa stesheni, kwa maandishi, na mlalamishi abaki na nakala. Abiria kumi waliosaini barua moja husikilizwa kuliko mmoja aliyefoka peke yake.

Anayekwenda kwenye shughuli isiyongoja, kama mazishi, mtihani au kesi mahakamani, ni busara asitegemee gari linalofika asubuhi hiyo hiyo. Na yeyote apitaye Mau usiku achukue shuka, maji na chakula cha akiba.

Mipango ya kuleta reli ya kisasa Kisumu imetangazwa mara kadhaa tangu ile ya kutoka Nairobi ilipoishia Suswa mwaka 2019. Lakini reli mpya pia hukwama, na behewa jipya lisilo na habari ni sawa na kuukuu. Wakenya wamefundishwa kwamba subira huvuta heri. Abiria aliyekaa gizani Kipkelion hadi kukapambazuka, bila neno kutoka kwa yeyote, anaijua methali nyingine: ngoja ngoja huumiza matumbo.