Gordon Smith: Winga Aliyeambiwa Amekwisha

Lipo neno ambalo huwatoka watu wazima vinywani kwa wepesi mno: "Amekwisha." Huambiwa mwanafunzi aliyeanguka mtihani mara mbili. Huambiwa mwalimu anayekaribia kustaafu. Katika kandanda huambiwa winga aliyepita umri wa miaka thelathini. Mnamo 1959, klabu ya Hibernian ya Edinburgh, Uskoti, ilimwambia neno hilo Gordon Smith, si kwa mdomo bali kwa kitendo: ilimwachilia aende zake bila kudai ada yoyote.

Kumbuka, msomaji mpenzi, kwamba enzi hizo klabu zilimshikilia mchezaji mithili ya mali. Hata mkataba ulipokwisha, hakuweza kuhama ila kwa idhini yao. Klabu iliyokutoa bure ilikuwa imekupima na kuona huna thamani sokoni.

Aliyepimwa hivyo hakuwa mchezaji wa kubahatisha. Alizaliwa Edinburgh mwaka wa 1924, akalelewa Montrose. Aprili 1941, vita vikiwa vimepamba moto, kijana huyo wa miaka 16 aliichezea Hibernian kwa mara ya kwanza dhidi ya mahasimu wao wa jadi, Hearts, akatia kimiani mabao matatu. Mwaka wa 1948 Hibernian wakatwaa ubingwa wa ligi. Kisha Smith akaungana na Bobby Johnstone, Lawrie Reilly, Eddie Turnbull na Willie Ormond katika safu ya mashambulizi iliyopewa jina la Watano Mashuhuri, na ubingwa ukarudi mwaka wa 1951 na 1952.

Lakini kifundo cha mguu kikamsaliti. Smith aliamini kwamba upasuaji ungemponya, klabu haikuamini. Akaulipia kwa pesa zake mwenyewe.

Sisemi kwamba wakurugenzi wa Hibernian walikuwa watu wabaya. Mguu mbovu ni mguu mbovu, na klabu ina hesabu zake. Kinachonikera ni kwamba walikiuliza kifundo, wasimwulize mwenyewe.

Na alikwenda wapi? Kwa Hearts, wale wale aliowaadhibu akiwa mvulana! Mwaka wa 1960 Hearts wakawa mabingwa. Mwaka uliofuata nao wakamwachilia, akajiunga na Dundee, iliyofunzwa na Bob Shankly, nduguye Bill Shankly wa Liverpool. Aprili 1962 Dundee waliilaza St Johnstone 3-0 ugenini na kutwaa ubingwa wao wa kwanza. Winga wao wa kulia alibakisha mwezi mmoja tu atimize miaka 38.

Msimu uliofuata, katika Kombe la Ulaya, Dundee waliicharaza Cologne ya Ujerumani mabao 8-1, wakaja kuzimwa na Milan katika nusu fainali. Smith alikuwa amekwisha kucheza kombe hilo na Hibernian, kisha Hearts.

Hivyo akawa na mataji ya ligi kutoka klabu tatu, na hakuna hata moja kati yazo iliyokuwa Rangers wala Celtic, majabali waliozoea kugawana ligi ya Uskoti. Hakuna mwingine aliyefanya hivyo. Mawili kati ya mataji yake matano aliyapata baada ya ile barua ya bure ya 1959. Gordon Smith alifariki mwaka wa 2004, akiwa na umri wa miaka 80.