Jina katika Gombo la Forodha: Wafanyabiashara Wageni katika Kumbukumbu za Uingereza, 1275–1565

Utangulizi

Mtafiti anayetaka kujua ni nani waliofanya biashara ya ng'ambo katika Uingereza ya zama za kati hutegemea zaidi ofisi moja, nayo ni forodha. Barua za wafanyabiashara wenyewe zimesalia chache, na vitabu vyao vya hesabu ni vichache zaidi. Ilhali magombo ya forodha yamehifadhiwa kwa wingi katika Hifadhi ya Nyaraka za Taifa huko Kew. Magombo hayo yaliandikwa kwa Kilatini juu ya ngozi, ili Hazina ya mfalme ijue watoza ushuru wake wanadaiwa kiasi gani. Makala haya yanaeleza jinsi lengo hilo la kodi lilivyoamua nani aitwe mgeni na nani aitwe mzawa, na kwa nini jina lililoandikwa kando ya bidhaa halikuwa lazima jina la mwenye mali.

Viwango vitatu vya ushuru

Mfumo wa kudumu ulianza mwaka 1275, Edward I alipotoza shilingi 6 na peni 8 kwa kila gunia la sufu lililosafirishwa nje, bila kujali asili ya msafirishaji. Mwaka 1303 mfalme huyo aliwapa wafanyabiashara wa kigeni hati ya haki: uhuru wa kuingia, kukaa, kuuza kwa jumla na kuhukumiwa kwa haraka. Kwa fadhila hiyo walikubali kulipa zaidi, yaani shilingi 3 na peni 4 juu ya kila gunia la sufu, na peni 3 kwa kila pauni ya thamani ya bidhaa nyingi nyingine. Kuanzia hapo asili ya mtu ikawa jambo la lazima katika hesabu. Karani hakuuliza kwa udadisi. Aliuliza kwa sababu jibu lilibadilisha kiasi cha kudai.

Mwaka 1347 ulikuja ushuru mpya wa nguo za sufu, na hapo ndipo palipozaliwa hali ya ajabu. Mzawa alitozwa peni 14 kwa kila nguo ya kipimo kamili. Mgeni alitozwa peni 21, tena juu ya peni 12 za mwaka 1303, jumla peni 33. Wajerumani wa muungano wa miji ya Hansa walishikilia hati yao ya zamani, wakaukataa ushuru mpya, na kubaki kulipa peni 12 tu. Kwa kuwa shilingi ilikuwa peni 12 na pauni shilingi 20, shehena ya nguo 100 ilimgharimu mtu wa Hansa pauni 5, Mwingereza pauni 5, shilingi 16 na peni 8, na Mwitalia pauni 13 na shilingi 15. Mgeni mmoja alikuwa nafuu kuliko mwenyeji, na mgeni mwingine alilipa zaidi ya mara mbili.

Tofauti hiyo ilikuwa kishawishi kikubwa. Bidhaa za Mwitalia zingeweza kupita kwa jina la rafiki Mwingereza, naye rafiki akapata sehemu ya faida. Waingereza waliita hila hiyo kuzitia bidhaa rangi, na sheria ziliikataza mara kwa mara. Sheria isingerudiwa namna hiyo kama hila ingekuwa imekoma.

Ni kweli kwamba palikuwa na ukaguzi. Watoza ushuru waliandika gombo lao na mkaguzi akaandika lake, kisha Hazina ikayalinganisha. Mshairi Geoffrey Chaucer alishika nafasi hiyo ya ukaguzi wa ushuru wa sufu katika bandari ya London kuanzia 1374 hadi 1386, kwa sharti la kuandika gombo kwa mkono wake mwenyewe. Lakini miongoni mwa watoza ushuru aliowakagua walikuwamo Nicholas Brembre, William Walworth na John Philipot, matajiri wa London na wakopeshaji wa mfalme, wenye maslahi yao katika biashara. Mkaguzi mwenye mshahara mdogo alikabiliana na mabwana wa mji.

Suala hili lina uzito kwa historia nzima ya uchumi. Mwaka 1963 E. M. Carus-Wilson na Olive Coleman walichapisha majedwali ya mauzo ya sufu na nguo ya Uingereza kuanzia 1275 hadi 1547, na hadi leo majedwali hayo ni msingi wa hoja kwamba Waingereza waliwapokonya wageni biashara yao ya nje. Jumla zake zinategemeka kuliko mgawanyo wake, kwa sababu safu za mzawa, Hansa na mgeni ni safu za viwango vya kodi. Aidha, sheria ya mwaka 1485 iliamuru kwamba mgeni aliyepewa hati ya uzawa aendelee kulipa ushuru wa mgeni. Mtu kama huyo alikuwa mzawa mbele ya hakimu na mgeni mbele ya karani wa bandari.

Wenyeji na wageni wao

Kumbukumbu moja inatoka nje ya mpaka wa forodha. Bunge lililokutana 1439 na 1440 liliagiza kila mfanyabiashara mgeni awekwe chini ya mwenyeji Mwingereza, auze bidhaa zake ndani ya miezi minane, na fedha atakazopata azitumie kununua bidhaa za Uingereza. Mwenyeji aliandika kila kilichouzwa na kununuliwa, na jina la upande wa pili, akalipwa peni 2 kwa kila pauni. Watu wa Hansa walisamehewa hapa pia. Taarifa zilizosalia ni za 1440 hadi 1444.

Msomaji wa Kiswahili atakumbuka jambo linalofanana. Ibn Battuta, aliyefika Mogadishu mwaka 1331, alieleza kwamba kila mfanyabiashara mgeni alifikia kwa mwenyeji aliyemuuzia na kumnunulia. Neno mwenyeji hubeba maana zote mbili, mkazi wa mji na mpokeaji wa mgeni. Huko Mogadishu, kama anavyoeleza, vijana wa mji walikwenda kwa mashua hadi merikebuni na chakula, kila mmoja akijitwalia mgeni wake. Huko London mgeni alipangiwa mwenyeji kwa amri, na taarifa ya mwenyeji ikaenda Hazina.

Hata hivyo, taarifa hizo za London zina thamani kubwa, kwa kuwa zinaonyesha kile ambacho forodha haikukihitaji: mnunuzi. Pilipili iliyoshushwa kutoka merikebu za Venice inaonekana ikipita mikononi mwa wauza viungo wa mji, na nguo za wafumaji wa mashambani zikielekea Italia. Kuanzia 1565 Hazina ilipeleka bandarini vitabu vitupu vya ngozi, virudishwe vikiwa vimejazwa jina la chombo, nahodha, mfanyabiashara na bidhaa. Vitabu hivyo ni kamili zaidi kuliko magombo, lakini havikuuliza bidhaa iliuzwa kwa nani ilipofika mjini.