Kusoma Mlima Kabla Haujaporomoka

Somo la redio kwa madarasa ya elimu ya watu wazima

Kwa mwalimu wa darasa: Kabla ya kipindi, tayarisha sinia lenye mchanga mkavu, kopo la maji, karatasi nne nyembamba, penseli, na mafuta kidogo ya kupikia.

Natumaini kila mmoja amekwisha kaa mahali pake na daftari lake li tayari. Leo tutazungumza habari za maporomoko ya ardhi kando ya barabara, na jinsi ramani inavyoweza kutuonyesha mahali pa hatari kabla udongo haujashuka.

Jambo hili si la mchezo. Mwezi wa Novemba 2019, huko Pokot Magharibi katika nchi ya Kenya, mvua kubwa ya usiku iliporomosha milima, na watu zaidi ya 40 wakapoteza maisha. Tarehe 3 Desemba 2023, tope na mawe vilishuka kutoka Mlima Hanang hapa Tanzania vikaingia katika mji wa Katesh na vijiji vya jirani, na watu zaidi ya 80 walifariki. Mlima hauwezi kuzuiwa usinyeshewe. Lakini mlima waweza kusomwa, kama vile ninyi mnavyosoma kitabu.

Kwa mfano wetu wa leo tutaichukua barabara ya kutoka Mombo kwenda Lushoto, katika milima ya Usambara. Mombo iko chini, kwenye nchi tambarare, kiasi cha mita 400 juu ya usawa wa bahari. Lushoto iko kiasi cha mita 1,400. Kwa hiyo katika mwendo wa kilomita zipatazo 30 na kidogo, gari hupanda mita 1,000. Barabara yenyewe imechongwa ubavuni mwa mlima, upande mmoja ukuta wa mwamba na udongo, upande wa pili bonde la mto. Kabichi, nyanya, viazi na matunda ya Usambara hupita hapo kwenda masoko ya Tanga na Dar es Salaam, na mgonjwa anayepelekwa hospitali kubwa hupita hapo pia. Wakati wa mvua mawe na udongo huanguka barabarani. Njia ikifungwa, nyanya huoza ndani ya tenga, na mgonjwa hungoja.

KWA NINI ARDHI HUPOROMOKA

Sasa mwalimu alete sinia. Mwaga mchanga mkavu katikati uwe kichuguu. Tazameni ubavu wake. Hata ukiongeza mchanga, kichuguu hakikubali kusimama wima. Mchanga unashuka mpaka upate mwinamo wake. Mwinamo hupimwa kwa nyuzi. Sakafu iliyo sawa ni nyuzi 0, na ukuta uliosimama wima ni nyuzi 90. Mchanga mkavu hutulia kwenye nyuzi 30 na kidogo.

Sasa chukua kijiko, uchote mchanga kidogo chini kabisa, kwenye mguu wa kichuguu. Mmeona? Umechota chini, lakini mchanga wa juu ndio ulioshuka. Hivyo ndivyo barabara inavyofanya. Anayechonga mlima ili apate nafasi ya gari huondoa mguu uliokuwa ukiushikilia udongo wa juu.

Nyunyizieni mchanga maji kidogo. Sasa unashikana vizuri, waweza hata kuujenga kama ukuta. Lakini endelea kumwaga maji mpaka mchanga ushibe. Ukuta unalegea na kutiririka. Maji kidogo hushikanisha chembe za udongo. Maji mengi huzisukuma ziachane, tena huongeza uzito. Ndiyo maana maporomoko mengi huja baada ya mvua ya siku nyingi, au mvua moja kubwa mno, na ndiyo maana mfereji ulioziba kando ya barabara ni adui. Maji yasiyo na njia huingia ndani ya mlima.

Mizizi nayo ina kazi yake. Mizizi ya miti hufunga udongo kama kamba. Miti ikikatwa, mizizi haiozi siku ile ile, bali polepole, mwaka hata mwaka. Kwa hiyo mtu aweza kukata miti leo, akaona hakuna lililotokea, na hatari ikaja miaka michache baadaye.

RAMANI JUU YA RAMANI

Tumeona basi kwamba sababu si moja. Kuna mwinamo, kuna aina ya udongo na mwamba, kuna maji, kuna mimea, na kuna mkono wa mtu. Kila sababu yaweza kuchorwa katika ramani yake. Lakini mlima huporomoka pale sababu zinapokutana. Tutajuaje zinakutana wapi?

Chukueni zile karatasi nne. Katika kila moja chora mstari wa barabara ile ile, kwa ukubwa ule ule. Ukibandika karatasi juu ya nyingine dirishani utaweza kuifuatisha. Katika karatasi ya kwanza, tia kivuli mahali penye mwinamo mkali. Katika ya pili, mahali penye udongo mlegevu. Katika ya tatu, mahali penye vijito na mifereji iliyoziba. Katika ya nne, mahali palipokatwa miti. Kisha pakeni karatasi mafuta kidogo ili zipitishe mwanga, zipangeni moja juu ya nyingine, na kuziinua kwenye mwanga. Pale kivuli kilipo cheusi kuliko pote, ndipo sababu nyingi zilipokutana.

Kazi hiyo hiyo, ikifanywa na kompyuta kwa ramani kubwa, huitwa mfumo wa taarifa za kijiografia. Wataalamu huuita kwa kifupi GIS, na kila ramani ndani yake huiita tabaka. Tena mwanzo wa mfumo huu una uhusiano na Afrika Mashariki. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, Mwingereza aliyehamia Kanada, jina lake Roger Tomlinson, alikuwa katika kampuni iliyoombwa kutafuta mahali pa kupanda miti nchini Kenya. Kupanga ramani nyingi kwa mkono kulionekana kungegharimu fedha nyingi mno, naye akafikiri kwamba kompyuta ingeweza kuifanya kazi hiyo. Baadaye serikali ya Kanada ikamtumia kujenga mfumo wa namna hiyo kwa nchi nzima.

KOMPYUTA HUHESABU VIPI?

Kompyuta huigawa nchi katika visanduku vidogo, kama karatasi ya hesabu. Habari za mwinamo hupatikana kutoka angani. Mwezi wa Februari 2000, chombo cha anga cha Marekani kiitwacho Endeavour kilizunguka dunia kwa siku 11 kikipima urefu wa milima kwa rada. Vipimo hivyo hutolewa bure, na kila kisanduku chake kina upana wa mita 30 hivi. Satelaiti nyingine hupiga picha zinazoonyesha msitu, shamba na nyumba.

Kisha kila kisanduku hupewa alama, kutoka 1 mpaka 5, kwa kila sababu. Alama 5 ni hatari kubwa. Sababu iliyo nzito kuliko nyingine alama zake huzidishwa. Tufanye hesabu ya mfano, kila mtu katika daftari lake. Tuseme mwinamo una uzito wa 2.

Kisanduku cha kwanza: mwinamo 5, mara 2, ni 10. Udongo 4. Maji 5. Mimea 3. Jumla ni 22.

Kisanduku cha pili: mwinamo 2, mara 2, ni 4. Udongo 4. Maji 1. Mimea 2. Jumla ni 11.

Angalieni kwamba udongo wa visanduku vyote viwili ni sawa, lakini hatari ya kimoja ni mara mbili ya mwenzake. Kompyuta hufanya hesabu hii kwa maelfu ya visanduku, halafu hupaka rangi: nyekundu kwa hatari kubwa, njano kwa ya kati, kijani kwa ndogo.

Mhandisi akiipata ramani hiyo haanzi kujenga kuta kila mahali, maana fedha hazitoshi. Huanza penye rangi nyekundu inayogusa barabara. Pengine patahitaji mfereji wa kukinga maji juu ya ukingo, pengine vikapu vya nyaya vilivyojaa mawe, na pengine majani yenye mizizi mirefu yatatosha.

RAMANI HAIJUI KILA KITU

Sasa tumefika penye neno kubwa la leo, nanyi sikilizeni vizuri. Kisanduku cha mita 30 hakiuoni ukingo wa mita 5 uliochongwa mwaka jana. Satelaiti haijui kwamba kalvati fulani limeziba. Tena ramani hueleza mahali, haielezi siku. Siku hutegemea mvua.

Kubwa zaidi, mtaalamu hawezi kuiamini ramani yake mpaka ailinganishe na maporomoko yaliyokwisha kutokea. Akiwa na orodha ya maporomoko 10, huchukua 7 kumsaidia kupanga uzito wa kila sababu, na 3 huyaficha. Ramani ikimalizika, hutazama kama yale 3 yameangukia kwenye rangi nyekundu. Kama yameangukia kwenye kijani, ramani ni mbovu, hata ingekuwa na rangi za kupendeza namna gani.

Je, orodha hiyo hupatikana wapi? Maporomoko makubwa huonekana katika picha za satelaiti. Lakini yale madogo, yaliyofunga njia nusu siku yakafagiliwa kwa majembe, nyasi huota juu yake na alama hupotea. Yamo vichwani mwa wazee, madereva na akina mama wenye mashamba kando ya njia. Mzee akifa bila kuandikiwa habari zake, tabaka moja la ramani limezikwa pamoja naye.

Ninyi sasa mnajua kuandika. Basi kila kijiji kilicho kando ya barabara ya mlimani na kiwe na daftari moja la maporomoko. Andikeni mambo matano: tarehe, mahali, kwa kutaja daraja au mti au nguzo ya kilomita iliyo karibu, upana wa udongo ulioanguka, kwa hatua, mvua ilinyesha siku ngapi kabla, na juu ya mahali hapo palikuwa na nini, shamba, msitu au nyumba. Daftari likae kwa mwenyekiti wa kijiji, naye mhandisi wa barabara akija apewe alinakili. Mistari mitano ya mkulima yaweza kusahihisha kazi ya satelaiti.

DALILI ZA HATARI

Mvua ikizidi, usingoje ramani. Ukiona nyufa mpya juu ya ukingo, miti au nguzo zilizokuwa wima zimeinama, chemchemi iliyokuwa safi imegeuka tope, au ukisikia mawe yakigongana juu, ondoka upesi, nenda upande, si chini kufuata bonde. Wazuie na wengine wasipite, umwarifu mwenyekiti au polisi.

MASWALI YA KUJADILIANA DARASANI

1. Kwa nini mchanga wa juu ulishuka mlipochota wa chini?
2. Kisanduku kina mwinamo 4, udongo 3, maji 4 na mimea 5. Mwinamo una uzito wa 2. Jumla ni ngapi? Je, ni hatari kuliko kisanduku cha kwanza cha somo letu?
3. Taja jambo moja ambalo mkazi wa kijiji hulijua na satelaiti hailijui.
4. Nani katika kijiji chenu anakumbuka maporomoko ya zamani kuliko wote? Kabla ya somo lijalo, mwendeeni mzee huyo na daftari, mwandike ukurasa wa kwanza.

Kwa leo tunaishia hapo. Kwaherini, wasikilizaji wetu, na kazi njema.