Ziara Pepe: Yale Ambayo Miguu Haiwezi Kuyafikia

Katika Wilaya ya Kibiti, Mkoa wa Pwani, iko kata iitwayo Ruaruke. Mwanafunzi wa huko haishi mbali na mahali ambapo mto Rufiji hugawanyika mikono mingi kabla ya kuingia katika Bahari ya Hindi, mkabala wa kisiwa cha Mafia. Delta hiyo ina kiasi cha hekta 53,000 za mikoko, na huo ndio msitu wa mikoko ulio mkubwa kupita yote iliyoungana mahali pamoja katika Afrika ya Mashariki. Wataalamu husafiri maelfu ya kilometa kuja kuuchunguza. Hata hivyo, mwanafunzi huyo aweza kumaliza kidato cha nne akiwa amejifunza habari za mikoko kutokana na mchoro mmoja wa kitabu, na habari za delta kutokana na ramani ya Nile au ya Mississippi.

Sababu zake zinafahamika kwa kila mwalimu. Ziara ya mafunzo yahitaji gari au mashua, mafuta, chakula, idhini ya wazazi, na siku nzima inayotolewa katika ratiba iliyokwisha kubanwa. Darasa likiwa na wanafunzi wengi, jambo hilo huahirishwa mwaka hata mwaka. Katika pengo hilo ndipo ilipoingia tekinolojia ya ziara pepe, yaani safari ya mafunzo inayofanywa kwa picha, sauti na ramani za kompyuta pasipo wanafunzi kuondoka darasani. Je, tekinolojia hiyo yaweza kumsaidia mwanafunzi wa Ruaruke, na katika jambo gani hasa?

Jinsi inavyofanya kazi

Picha itumiwayo katika ziara pepe hupigwa kwa kamera yenye lenzi mbili zilizogeuziana mgongo, kila moja ikiona zaidi ya nusu ya mazingira. Kompyuta huziunga picha hizo mbili zikawa kama mpira mmoja, na mtazamaji huwekwa katikati ya mpira huo. Akitazama kwa simu, kifaa kidogo kilichomo ndani hupima jinsi simu inavyogeuzwa. Akiinua uso anaona mbingu, akiinama anaona ardhi.

Kuona kina ni jambo jingine. Macho ya binadamu yametengana kwa kiasi cha sentimeta 6, na kwa hiyo kila jicho hupata picha iliyo tofauti kidogo na ya mwenzake. Ubongo huzilinganisha na kukadiria umbali. Mwingereza Charles Wheatstone alilieleza jambo hilo mwaka 1838, akatengeneza chombo cha kuonyesha kila jicho picha yake. Miwani ya leo ya uhalisia pepe yafuata kanuni ile ile. Mwanzoni mwa karne ya 20 kampuni ya Keystone ya Marekani ilikuwa ikiuzia shule masanduku ya picha za namna hiyo, ili watoto waone piramidi za Misri wakiwa kwenye madawati yao. Upya wa ziara pepe, basi, si mkubwa kama wauzaji wanavyodai.

Tanzania nayo ilikwisha kupata funzo lake juu ya kumfikishia mtu elimu kutoka mbali. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu kwa vikundi, vijijini na mijini, wakisikiliza vipindi vya redio juu ya magonjwa na usafi. Kipindi kilipokwisha walijadiliana, kisha wakatoka kwenda kuchimba vyoo na kufyeka vichaka vinavyozaa mbu. Redio iliwafungulia kazi. Kazi yenyewe ilikuwa nje, juani. Mwalimu anayetaka kutumia ziara pepe angefanya vema kuikumbuka kampeni hiyo kabla ya kuulizia bei ya miwani.

Matope hayaingii katika picha

Kumwonyesha mwanafunzi wa Ruaruke picha za mikoko, wakati mikoko yenyewe iko katika wilaya yake, ni kupoteza umeme. Msituni kuna mambo ambayo hakuna chombo kinachoyabeba. La kwanza ni harufu. Matope ya mikoko yakikanyagwa hutoa harufu ya yai viza. Hiyo ni gesi ya haidrojeni salfaidi: chini ya tope hakuna oksijeni, na bakteria waliomo humo hutumia salfeti ya maji ya bahari badala ya oksijeni hiyo. Mwanafunzi akiisha kuinusa, hana haja ya kuambiwa kwa nini mchu huchomoza juu ya tope mamia ya mizizi mifupi kama penseli. Mti unatafuta hewa.

La pili ni ladha. Jani la mchu likilambwa lina chumvi, kwa sababu mti huo hunyonya maji ya chumvi na kuitoa chumvi kwa njia ya majani. Mkoko hutumia njia nyingine: huizuia chumvi nyingi mizizini isipande kabisa. Kwa kulamba majani ya miti miwili iliyosimama jirani, darasa limekwisha kufanya jaribio la bayolojia na kemia bila ya maabara. Tena mbegu ya mkoko huota ingali juu ya mti, ikining'inia kama mkuki. Mwanafunzi anayeiangusha topeni aweza kuona kama itasimama wima au italala.

Wapo watakaosema kwamba picha ni afadhali kuliko kukosa kabisa. Kwa shule ya Dodoma au Tabora hoja hiyo ni ya kweli. Kwa shule iliyo karibu na delta, yafaa ziara pepe iwekwe kwa ajili ya mambo mawili ambayo hata mtu mwenye mashua hayapati: kuona kutoka juu, na kuona wakati uliopita.

Mto uliohama

Setilaiti ya kwanza ya mfululizo wa Landsat ilirushwa na Marekani mwezi Julai 1972, na tangu mwaka 2008 picha zote za mfululizo huo hutolewa bure kwa mtu yeyote. Delta ya Rufiji imo. Mwalimu akizipanga picha hizo kwa miaka yake, darasa litaona jambo ambalo wazee wa delta wanalijua kwa miili yao: kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970, sehemu kubwa ya maji baridi ya Rufiji iliiacha mikono ya kusini na kuelekea ile ya kaskazini.

Matokeo yake hayakuishia katika jiografia. Mpunga hauvumilii chumvi, na mahali maji baridi yanapokwenda ndipo mkulima naye anapokwenda. Katika mikono ya kaskazini mikoko ilifyekwa, mashamba yakafunguliwa. Baada ya miaka michache magugu yakazidi nguvu, shamba likaachwa, na mahali papya pakafyekwa. Lakini mikoko yote ni hifadhi ya serikali, nayo iko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania. Hapo pakazuka mvutano kati ya mlinzi wa msitu na mtu anayetafuta chakula cha watoto wake. Kwa picha chache zilizopangwa vizuri, mwalimu wa jiografia, wa bayolojia na wa uraia wanajikuta wanafundisha somo moja.

Hata hivyo, picha hizo zina mipaka yake, na mipaka hiyo nayo ni somo. Kidoa kimoja cha picha ya Landsat ya miaka ya 1980 na baadaye huwakilisha ardhi ya mita 30 kwa 30, yaani mita za mraba 900. Shamba la ekari moja, lenye mita za mraba 4,047, ni vidoa vinne na nusu tu. Setilaiti huonyesha kwamba mti umetoweka. Nani aliukata, na alikuwa na njaa kiasi gani, haionyeshi. Swali hilo ni la kuulizwa kwa miguu.

Tofauti hiyo ya anayeona na asiyeona ina historia katika delta hii hii. Mwezi Septemba 1914 manowari ya Kijerumani Königsberg, baada ya kuizamisha Pegasus ya Waingereza bandarini Zanzibar, ilijificha katika mikono ya Rufiji. Meli kubwa za Kiingereza hazikuweza kuifuata katika maji hayo haba. Mwezi Julai 1915 zilipoingia Severn na Mersey, zilizojengwa kwa maji mafupi, wapigaji wa mizinga hawakuweza kuliona shabaha yao nyuma ya mikoko. Marubani waliotoka Mafia ndio waliowaarifu kwa simu ya upepo mahali makombora yalipoangukia. Tarehe 11 Julai Königsberg ikaangamia.

Safari moja ya mbali inayostahili

Ikiwa darasa la Ruaruke litapewa nafasi ya kufanya ziara pepe moja tu nje ya nchi, yapo ya kuvutia. Katika jumba la makumbusho la Berlin umesimama mjusi mkubwa Giraffatitan, mwenye urefu wa mita 13 kwenda juu, ambaye mifupa yake ilichimbwa Tendaguru, Lindi, kati ya mwaka 1909 na 1913. Mwaka 2016 alitengenezewa filamu ya kutazamwa pande zote. Lakini safari yenye kuwahusu zaidi watu wa delta ni ya Rosetta, mahali ambapo mkono mmoja wa Nile unaingia baharini.

Huko pwani imeliwa na bahari kwa kilometa kadhaa. Mmomonyoko ulianza mapema katika karne ya 20, ukaongezeka sana baada ya bwawa kuu la Aswan, lililokamilika mwaka 1970, kuyazuia matope ambayo Nile ilikuwa ikiyaleta. Rufiji sasa ina Bwawa la Julius Nyerere, lenye uwezo wa megawati 2,115, lililoanza kujazwa mwezi Desemba 2022. Rufiji si Nile: iko mito na mabonde yanayomwaga maji chini ya bwawa, na mikoko yenyewe hushika tope. Kwa hiyo jibu haliwezi kunakiliwa kutoka Misri. Lazima lipimwe Rufiji.

Nani ashike kamera

Hapa ndipo penye neno kubwa. Ziara nyingi zilizopo zimetengenezwa ng'ambo, zinasema Kiingereza, na uhai wake uko mikononi mwa wenyewe: huduma ya Google Expeditions, iliyoanza mwaka 2015 na kutumiwa na shule za nchi nyingi, ilifungwa mwaka 2021. Lakini kuna mfano mwingine ulio karibu. Kuanzia mwaka 2015 wanafunzi wa vyuo vikuu vya Dar es Salaam walichora ramani za mitaa inayofurika katika mradi wa Ramani Huria. Mwaka 2016 Zanzibar ilianza kupigwa picha kwa ndege ndogo zisizo na rubani, na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar wakafunzwa kuzirusha.

Shule haihitaji ndege. Wanafunzi hawaruhusiwi kuwa na simu shuleni, lakini simu ya mwalimu mmoja yatosha. Nguzo tatu zisimikwe mahali palipokubaliwa na serikali ya kijiji: moja ukingoni mwa mto, moja penye mikoko, moja penye mashamba. Kila mwezi, siku ya bamvua, maji yakiwa yamekupwa kabisa, picha ipigwe kutoka nguzo ile ile, kuelekea upande ule ule, na tarehe iandikwe. Umbali kutoka nguzo hadi ukingo upimwe kwa kamba. Wazee waombwe, kwa hiari yao, kusimulia mafuriko waliyoyaona, tangu yale ya miaka ya 1960 yaliyofuatiwa na kuhamishwa kwa watu kutoka bondeni hadi yale ya Aprili 2024, na sauti zao zihifadhiwe pamoja na picha. Nakala moja ikae shuleni na nyingine ofisi ya elimu ya wilaya, kwa sababu simu huanguka majini.

Nguzo ya ukingoni isimikwe mbali na maji, hatua 50 au zaidi, na mahali pake pachorwe katika daftari la shule. Ikiwekwa karibu, huenda ikawa ndicho kitu cha kwanza kuchukuliwa na mto.