Siku niliyowekwa benchi Sanje

LIGI ikisimama, sisi wengine huwa hatujui Jumamosi inatumikaje. Mama watoto alijua. "Wiki hii hakuna mpira," akasema. "Tunakwenda Sanje, wote."

Nilielewa anamlenga nani. Kijana wetu wa miaka 11, winga wa kulia wa timu ya mtaa, alikuwa na wiki tatu hajagusa viatu vyake. Kwenye nusu fainali ya kombe la mbuzi alipaisha penalti. Mimi baba yake, niliyekuwa pembeni ya mstari nikipiga kelele kuliko kocha, sikumsemesha njia nzima hadi nyumbani.

Tulitoka Morogoro alfajiri. Mikumi mjini unaiacha barabara ya Iringa, unakunja kushoto kwenda Ifakara, na muda si mrefu unaiona milima ya Udzungwa mkono wa kulia, imesimama kama jukwaa kuu. Tukajiandikisha makao makuu ya hifadhi, Mang'ula, tukapewa mwongozaji, tukarudi nyuma hadi Sanje.

Udzungwa hukai kwenye gari ukisubiri tembo apite. Hifadhi hii, iliyoanzishwa mwaka 1992, unaitembelea kwa miguu. Njia ya Sanje ni fupi, kama kilomita tano kuzunguka na kurudi. Nikaicheka. Nikawaambia watoto hayo ni mazoezi ya kupasha misuli tu.

Aisee, dakika ya 20 nilikuwa nahema kama beki mzee aliyeachwa na winga. Njia inapanda, mizizi kila mahali, joto la msituni halina huruma. Binti yetu wa miaka sita akateleza. Nikafungua mdomo nianze maelekezo yangu: shika pale, kanyaga hapa, wewe mkubwa unafanya nini! Mama watoto akanigeukia. "Leo uko benchi, Baba. Kaa."

Nikakaa, maana hata pumzi ya kubisha sikuwa nayo.

Kijana akarudi chini, akamshika dada yake mkono, kisha akalichukua na begi langu. Hakusema kitu. Juu ya miti mbega wekundu walikuwa wanarukaruka. Mwongozaji akatueleza habari za mangabei wa Sanje, jamii ya nyani aliyepewa jina la hapa hapa, ambaye porini anapatikana milima hii tu.

Halafu ukasikika mngurumo. Maporomoko ya Sanje yanashuka kwa hatua, jumla mita 170 hivi. Wewe wa mpira nikueleze kwa lugha yako: chukua uwanja wa mita 105, usimamishe wima, ongeza nusu ya uwanja mwingine juu yake. Bado hujafika maji yanapoanzia. Ukiwa juu, chini yako bonde la Kilombero limelala, miwa mpaka macho yachoke.

Tulikaa kwenye dimbwi, miguu ndani ya maji ya baridi. Kijana akawa anarusha vijiwe. Bila kuniangalia akasema, "Baba, ile penalti, kipa sikumwogopa. Nilikuwa nakuogopa wewe."

Nina miaka mingi ya kubishana mpira vijiweni na sijawahi kukosa neno. Pale nilikosa. Nikamwambia, "Pole, mwanangu," basi. Akanirushia maji usoni, dada yake akadakia, na vita ikaanza.

Kushuka magoti yangu yalilia kuliko wakati wa kupanda. Wenzangu walinisubiri kila kona, tena wakicheka.

Jumanne alivitoa viatu uvunguni. Jumamosi iliyofuata nilikwenda kumtazama, lakini sikusogelea mstari. Nilikaa upande wa pili, chini ya mwembe, na soda yangu. Kipindi cha pili akapokonywa mpira mbele yangu kabisa, kizembe. Akainua macho kunitafuta.

Nikanywa soda.