Gesi ya Turkmenistan na mnunuzi mmoja

Tarehe 14 Desemba 2009, Rais Hu Jintao wa China alisimama Samandepe, mashariki mwa Turkmenistan, pamoja na marais wa Turkmenistan, Uzbekistan na Kazakhstan. Walifungua bomba la gesi linalokatiza nchi hizo tatu kwa zaidi ya kilomita 1,800 hadi mpaka wa Xinjiang, jimbo la magharibi mwa China.

Kwa serikali ya Turkmenistan iliyoko Ashgabat, mji mkuu, hiyo ilikuwa siku ya kushusha pumzi. Tangu enzi za Sovieti gesi yake ilielekea Urusi, na Gazprom, kampuni ya gesi ya serikali ya Urusi, ndiyo iliyoamua inunue kiasi gani. Aprili mwaka huohuo bomba la kwenda Urusi lililipuka, na Ashgabat ikailaumu Gazprom kwa kupunguza mapokezi ghafla. Mwaka 2016 Urusi ikaacha kununua kabisa, ikarejea 2019 kwa kiasi kidogo.

China nayo ilikuwa na hofu yake. Mafuta yake mengi hupita baharini, kwenye mlango mwembamba wa Malacca, ambao manowari za adui zinaweza kuuziba. Gesi ya nchi kavu haina hatari hiyo. Ndiyo maana mwaka 2009 China iliikopesha Turkmenistan dola bilioni 4 za kuendeleza eneo kubwa la gesi ambalo leo linaitwa Galkynysh, na deni likalipwa kwa gesi.

Mkulima wa korosho asiporidhika na bei ya mnada husubiri mnunuzi mwingine. Turkmenistan haina nafasi hiyo: ina akiba ya gesi ya nne kwa ukubwa duniani, lakini haina pwani ya bahari kuu. Biashara na Iran ilivunjika 2017 kwa ugomvi wa deni; bomba la kwenda Pakistan na India bado halijavuka Afghanistan. China, kwa upande wake, hununua pia kwa Urusi, Myanmar, Qatar na Australia.

Siilaumu Beijing kwa kutafuta nishati ya watu wake. Ninaloona ni dhuluma ni usiri wa Ashgabat: raia hawaelezwi masharti ya mauzo, na tangu Januari 2019 wameondolewa gesi ya bure waliyoizoea kwa zaidi ya miaka ishirini.

Mwaka 2014 ujenzi wa njia ya nne ya bomba la kwenda China, kupitia Tajikistan na Kyrgyzstan, ulizinduliwa kwa sherehe. Zaidi ya miaka kumi imepita bila gesi kupita humo. Beijing haina haraka, na Ashgabat haina wa kumkimbilia.